Mtu Mwenye Damu ya Wote

Ilikuwa mwaka themanini na mbili. Hapana, themanini na tatu, maana kanisa letu lilikuwa limeshaezekwa upya. Sakiusa, mzee wa kisiwani kwetu, aliitwa na binti yake aende kuishi naye Suva, mji mkuu wa Fiji, akafunga mizigo. Lakini damu yake ni kundi O hasi, inayomfaa kila mtu, na kisiwani kwetu ni yeye tu mwenye nayo. Siku ya meli akaja mpwa wake Nemani, akaweka mbele yake mzizi wa kava, mmea wa kinywaji chetu cha heshima.

"Mjomba, mke wangu amejifungua, na damu haitaki kuganda."

"Kila nikishika begi, mmoja wenu anavuja. Mna mpango nyinyi."

Tulicheka, yeye hakucheka. Kwetu mzizi ukishawekwa mbele yako, hukatai. Akaupokea, akaenda kunyoosha mkono zahanati. Chupa ilipojaa, meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Mwanamke akapona. Mwaka uliofuata ikawa vilevile kwa mwingine, mpaka Sakiusa akaacha kufunga mizigo.

Nimewauliza wauguzi, nimemuuliza na mchungaji: damu yetu sisi haimfai, sasa siku akivuja yeye, nani atampa?