Gari Lisilo na Mfaa

Sina sababu ya kukudanganya. Nilikuwepo, usukani ulikuwa mikononi mwangu, na jua lilikuwa la utosi. Anayesema vioja ni vya usiku tu hajapita njia ya Mokowe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa natangatanga. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kila kitu chenye nati nilitaka kujua ndani kuna nini. Ndipo nikalikuta gari la Bi Rukia, mjane wa Mokowe, limelala kwenye banda la makuti. Lilikuwa la Kitaliano, lililovuka kutoka upande wa Somalia wakati wa vita. Si aina inayojulikana. Hata madereva wa Malindi hawakuweza kunitajia jina lake. Watu walilicheka. Mimi nilifungua boneti nikainama kutazama. Silinda nne zimebanana chini ya kifuniko kimoja kama ndugu kitandani! Na kila gurudumu la mbele lilipanda na kushuka peke yake, bila kulivuta mwenzake. Niamini, aliyelibuni alikuwa mtu wa akili.

"Ukilifufua," Bi Rukia aliniambia, "utakuwa dereva wa maharusi wa hapa, na chumba cha uani ni chako."

Chumba changu! Tangu nitoke kwetu sikuwahi kuwa na mlango wa kufunga.

Lilikuwa na ajabu moja. Mlango wa mbele ulifunguka kwenda mbele, wa nyuma kwenda nyuma, na katikati hapakuwa na nguzo. Ukifungua yote miwili, ubavu mzima uko wazi. Bwana Athmani, fundi wa milango kutoka Amu, kisiwani Lamu, niliyemwita atengeneze sakafu, aliangua kicheko. Kwao mlango wa vipande viwili lazima uwe na mfaa, ule mti wa kati.

"Mtaliano huyu alimaliza mbao ndiani?" akasema. "Mlango bila mfaa uko uchi, mwanangu."

Akachonga mifaa miwili ya mti mgumu wa mbambakofi, kila ubavu mmoja. Mimi ndiye niliyemshikia ubao akikata. Nilitaka kuona utakaaje. Bi Rukia alikuwa amevuka kwenda Amu, hatukumngoja.

Adhuhuri tukalijaribu, njia ya kwenda kijiji cha Hindi. Injini iliimba. Athmani alikaa kando yangu akinitania kwamba sasa nitafute mke. Mara injini ikazima yenyewe, na nyuma yetu sauti ya upole ikasema, "Nishusheni. Mimi hushukia hapa."

Tulipanda wawili, wallahi. Lakini kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelazwa mtu, blanketi la kijivu mpaka kifuani, na miguu yake imenyooka ikapita katikati yetu, imefungwa pamoja kwa kitambaa. Unajua ni nani hufungwa miguu hivyo?

"Niliingizwa nimelala," akasema. "Nitatokaje na mti huu? Nani aliuweka?"

Mkono wangu, huu huu, ukamnyoshea Athmani kidole.

"Basi autoe."

Athmani hakubisha. Alishuka, akaushika mfaa kwa mkono wa kulia, akauvuta mpaka misumari ikalia. Lile blanketi likapita mbele yetu, limelala sawasawa kama lililobebwa na watu wanne, likaingia kichakani penye rundo la mawe. Wabebaji hatukuwaona.

Bi Rukia aliporudi nikamweleza. Akakaa chini. Kumbe wakati wa vita marehemu mumewe alimwokota msafiri mgonjwa, msafiri huyo akafia humo garini, akazikwa pale penye mawe.

"Kila mume wangu alipoliendesha, tulimsikia yule msafiri akishuka pale, hakumdhuru mtu," akasema. "Mlimzibia ndia ya nini?"

Tangu adhuhuri ile mkono wa kulia wa Athmani ni baridi kama samaki. Hauwezi kushika patasi. Nilikwenda kumuaga; sikuthubutu kulala katika chumba kile. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mbona hukunena ni sisi?"

Nimelala miji mingi tangu hapo, na swali hilo hunifuata.

Nawe ukikuta gari la zamani lisilojulikana na mtu, lipende, lina haki yake. Lakini palipoachwa wazi usipazibe kabla hujauliza. Na kama umekwisha kuziba, siku ukiulizwa ni nani, taja jina lako kwanza.