Bibi Harusi Mlangoni, Wimbo Haueleweki

Jumamosi nilikuwa Awasi, kwenye harusi ya binamu yangu. Mpiga gitaa alikuwa ameandika wimbo wa kumwingiza bibi harusi kwenye programu ya simu, maneno chini na juu yake herufi za noti za kupiga, kisha akamtumia mpiga kinanda.

Bibi harusi akafika mlangoni. Wakaanza. Mama aliyekaa mbele yangu akaziba masikio.

“Bwana, unapiga nini?” akauliza wa gitaa.

“G. Si ndiyo umenitumia?”

“Mimi nimeandika A!”

Wakaziweka simu pamoja. Wimbo ulikuwa ule ule, ila huku A, kule G. Wa gitaa akatuma tena, programu ikabadilisha herufi njiani. Ikafika B.

Bibi harusi alisimama tu, ameng’ang’ania mkono wa babake, macho yameanza kulowa. Mzee akatutazama, akakohoa, akaanza kuimba mwenyewe, na kanisa zima likamfuata.

“Mzee anaimba kwa herufi gani?” akanong’ona wa gitaa.

Mwenzake akabonyeza kinanda hapa na pale. “Hiyo sijaipata.”

Mimi A na G sizijui. Nilichoelewa ni kwamba bibi harusi alikuwa ameanza kutembea.