Ulimbo wa Chumba cha Tiketi

Fundi Mrisho wa Kondoa alikuwa mtu wa maneno machache, lakini lami ya stesheni ya Dodoma ilimtoa maneno ambayo hata mkewe Batuli hakuwahi kuyasikia kinywani mwake.

Gari la moshi lilikuwa na mwaka wa pili tangu lifike Dodoma. Wadachi walipojenga stesheni walibandika makaratasi mazito kwa lami kwenye sakafu ya chumba cha tiketi, ili mchwa wasipande. Mchwa wakapanda vilevile. Sasa vigae vyekundu vya sakafu vilikuwa vimeletwa kutoka pwani, vimelala kwenye masanduku kati ya majani makavu, na Mrisho akaambiwa akwangue lami yote kwanza, maana kigae hakishiki juu ya lami.

Kukwangua! Neno jepesi hilo kwa asiyeshika tindo. Alfajiri, baridi ya Dodoma ikiuma, lami huwa kavu. Ukiigonga inaruka vipande. Jua likishapiga bati, inageuka ulimbo. Ukiivuta hapa inarudi pale. Tindo inanasa, kidole kinanasa, shuka inanasa. Na ufunguo alikuwa nao bwana wa stesheni, ambaye hakufungua mlango mpaka amalize kahawa yake, saa tatu, sakafu imekwisha kuwa uji.

"Bwana, nifungulie alfajiri," Mrisho alimwomba.

"Upate kuiba? Fanya kazi. Hakuna vigae, hakuna ruhusa. Na atakayetoroka, pingu."

Hiyo ruhusa ndiyo iliyomkosesha usingizi. Binti yake Stara angeolewa Kondoa Ijumaa ijayo, na baba ndiye wa kumwozesha. Kwa miguu ni siku nne, tena za mtu anayeharakisha. Jumatatu alfajiri lazima awe njiani.

Siku ya tisa alikuwa amekaa nje ya mlango uliofungwa, jua ndiyo kwanza linachomoza, akiisema lami peke yake. Akapita Loisi, mjane wa Kigogo aliyeteka maji ya stesheni, na mtungi kichwani. Akachomoa ufunguo kiunoni, akafungua, akaingia.

Mrisho akabaki kinywa wazi. "Mama Loisi! Una ufunguo?"

"Najaza maji ya bwana humu kila alfajiri. Ulidhani napita dirishani?"

"Siku tisa navutana na ulimbo huu, nawe unaniona!"

"Hukuniuliza ufunguo, baba Stara. Uliniuliza maji ya kunywa, nikakupa."

Basi tangu siku hiyo aliingia pamoja naye, akagonga lami ikiwa ingali na baridi yake, na kazi ikakimbia. Jumamosi adhuhuri sakafu ilikuwa wazi, imebaki utando mweusi tu, mwembamba, unaonata kidogo. Akafagia. Hesabu yake ilikuwa kupanga vigae Jumapili kutwa, Jumatatu aondoke.

Jumapili alfajiri alipofika mlangoni alipokewa na harufu ya zizi. Sakafu nzima ilikuwa imesiribwa samadi ya ng'ombe na majivu, laini, na alama za vidole zimezungushwa vizuri kama nyuzi za kawa. Loisi alisimama pembeni, mikono ya kijani, anatabasamu.

"Nini hiki?"

"Sakafu, baba. Ulikuwa umeiacha uchi. Kwetu nyumba haikwanguliwi ikaachwa hivyo, ila iliyofiwa. Nawe unakwenda kuozesha mtoto! Nikasema Stara asiingie ndoani na mkosi wa baba yake."

"Mama Loisi! Juu yake vinakuja vigae! Vigae!"

"Vigae?" Loisi akayatazama masanduku. "Si vipande vya vyungu vilivyovunjika? Mimi nilijua wanavirudisha pwani kwa wenyewe."

Mrisho akaketi kizingitini, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akasahau kwamba mikono ina lami. Angefoka, lakini utamfokeaje mtu aliyekesha akimtakia mwanao heri?

Wakangoja jua. Ilipofika mchana samadi ilikauka, ikapasuka, wakaibandua mabamba mabamba. Na tazama, majivu yalikuwa yameula ule utando mweusi. Saruji chini yake ilikuwa safi. Mrisho aliona, akachukua ufagio. Hakuwa tayari kumsifu mtu siku ile. Loisi naye aliona, akacheka peke yake.

Kigae cha mwisho kililala Jumatatu jua likiwa utosini. Nusu siku imepotea. Bwana wa stesheni akasema "Nzuri," akampa karatasi ya ruhusa, na Mrisho akaishika njia ya Kondoa kama anayefukuzwa na nyuki.

Alifika Ijumaa watu wametoka msikitini, shehe amekwisha kaa, bwana harusi anatokwa jasho. Mrisho akainua mguu aingie nyumbani mwake.

"Simama hapo hapo!" Batuli alipiga kelele. "Nyayo gani hizo?"

Nyayo zilikuwa nyeusi, lami imekusanya mchanga na nyasi za siku nne. Mrisho akatazama ndani. Sakafu ilikuwa imesiribwa asubuhi ile ile, na alama za vidole zimezungushwa vizuri.

"Samadi?" aliuliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Ulitaka niweke nini, vigae?"

Mrisho aliketi kizingitini, akanyoosha mkono, bwana harusi akasogea akaupokea. Ndivyo fundi Mrisho alivyomwozesha Stara, mkono ndani, miguu nje.