Uji Niliolishwa Nikiwa Mzima

Juzi nilimpeleka Mama, aliyepata kiharusi, kwenye kituo cha kuuguza wazee huku Igoma. Alikuwa hataki kabisa kubaki. Nikamwacha mapokezi, nikajitia mkaguzi: nikakalia kiti cha magurudumu nione kama ni imara.

Muuguzi akatokea. "Shikamoo baba. Wewe ndiye mgonjwa wetu mpya?"

Kwa aibu, hata marahaba ilinikwama kooni.

"Usijilazimishe. Maneno yatarudi taratibu."

Akanisukuma hadi barazani, akanifunga kitambaa shingoni, akaanza kunilisha uji, akiupoza kila kijiko. Mtu mzima na mvi zangu, nikafungua mdomo. Ulikuwa mtamu.

Mama akatokea mlangoni, akiburuta mguu.

"Huyo ni mwanangu, hana ugonjwa wowote," alimwambia muuguzi. "Lakini mwache amalize. Mimi nabaki."