Msimu Aliouchagua Keziah

Keziah hakuwahi kumwona ndovu. Watu wa kazini kwake hawakuliamini jambo hilo. Alikuwa akiwatunza wazee katika nyumba moja huko Saint Louis Park, Minnesota, na kila mzee mpya aliyeletwa, akishasikia kwamba yule mama mnene mwenye mikono yenye joto ametoka Kenya, alitaka kujua habari za simba. Keziah aliwajibu kwamba kwao Nyamira kuna majani chai, migomba na mvua, na kwamba mnyama mkubwa kuliko wote aliyepata kumwona kabla ya kupanda ndege ni fahali wa baba yake. Wazee walicheka wakidhani anawatania.

Aliyemwona ndovu ni mume wake. Zadock alisomea ualimu katika chuo cha kanisa kule Zimbabwe, na likizo moja ya Pasaka wanafunzi waliotoka mbali, wasioweza kurudi makwao, walipakiwa kwenye lori wakapelekwa kutembea katika mbuga ya Hwange. Habari za safari ile Keziah alizisikia tangu siku za uchumba. Lori lilikwama kwenye tope. Vijana wakateremka kusukuma, nyasi zikawalowesha hadi mapajani. Na pale kando ya barabara, Zadock alisema huku akitanua mikono, palikuwa na nyayo za ndovu zilizojaa maji ya mvua, kila unyayo kama karai, na ndani ya maji hayo viluwiluwi wakiogelea kana kwamba wako ziwani.

"Viluwiluwi ndani ya unyayo?" Keziah alimwuliza kila mara. "Baba Fiona, wewe ni mzee wa kanisa. Mwogope Mungu."

"Nitakupeleka ujionee."

"Na nisipowaona?"

"Nitapika mimi mwaka mzima."

Mzaha huo waliuhamisha pamoja na masanduku yao hadi Minnesota. Uliishi nao katika ile nyumba ya kupanga ya Hopkins walikowalea watoto wao wawili, Fiona na Duncan, na watoto nao wakakua wakimsikia mama akimwita baba mwongo wa viluwiluwi. Kisha, majira ya baridi ya mwaka juzi, Zadock wetu akalala katika Bwana. Alikuwa nje asubuhi akifuta theluji juu ya gari ili mkewe asichelewe kazini. Moyo ulisimama akiwa bado ameshika ufagio. Tukamrudisha Nyamira, akazikwa karibu na mama yake.

Mwaka mmoja ulipopita, watoto wakakubaliana kwamba Mama apelekwe Zimbabwe. Keziah alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Sawa. Lakini nitaenda mara moja tu, magoti haya hayana safari ya pili. Nataka niione nchi aliyoiona baba yenu, kisha nirudi nitulie."

Ikabaki kuamua waende lini. Hapo ndipo mambo yalipokwama kama lile lori.

Mumbi, rafiki yake wa kazini, alisema Disemba. Hakuwa na sababu. Wakenya wote wa Minnesota huenda nyumbani Disemba, na kwa Mumbi Afrika yote ilikuwa nyumbani. Fiona alisema Agosti, au Septemba, na yeye sababu alikuwa nazo nyingi. Fiona ni mfamasia, mtu asiyenunua hata kikaango kabla ya kusoma maoni ya watu mia. Alikuwa ameongea na kampuni za utalii, ametazama video, ameuliza kila aliyewahi kufika. Wote walimwambia neno moja: kusini mwa Afrika nenda wakati wa kiangazi. Na kambi nzuri za Agosti hujaa mapema, kwa hiyo lazima waamue kabla Januari haijaisha.

Shida ya Agosti ilikuwa shamba.

Kule Eagan, karibu na bohari anakofanya kazi Duncan, kuna uwanja uliogawanywa vipande vya kulima. Keziah na Zadock walikuwa na kipande chao, na hapo walipanda managu na chinsaga, mboga chungu za kwetu Kisii, kwa mbegu ambazo Zadock alizikausha na kuzihifadhi kila vuli. Agosti ndio mwezi wa mavuno. Kanisa zima lilikula mboga hizo. Mgonjwa aliyetoka hospitali alijua kwamba kabla mchungaji hajafika, itafika sufuria ya Keziah.

"Duncan atalitunza," Fiona alisema.

"Duncan!" akasema Keziah, na alipokwisha kulitaja jina hilo hakuona haja ya kuongeza neno.

Maana kiangazi kilichopita Keziah alikwenda Dallas kwenye arusi ya mpwa wake, akamwachia Duncan palizi. Aliporudi alikuta chinsaga yote imeng'olewa na kurundikwa pembeni, imenyauka. Mbaruti wenye miiba ulikuwa umesimama wima katikati ya shamba, umepaliliwa na kumwagiliwa vizuri, kwa sababu ulikuwa na maua ya zambarau.

"Lakini nili-google, Mama," Duncan alijitetea. "Ile nyingine waliandika ni magugu."

"Magugu! Umeyala magugu hayo tangu unanyonya!"

Kwa hiyo watu wote waliamini kwamba Keziah anaikataa Agosti kwa ajili ya mboga, na kanisani wakamtania. Yeye mwenyewe aliamini hivyo pia. Hata hivyo kulikuwa na kitu kingine kilichomkwaruza moyoni kila Fiona alipoleta habari za kiangazi, na hakukijua jina. Akakiombea. Alimwambia Mungu, bila maneno mengi, kwamba anayo safari moja tu na hataki kuikosea.

Sabato ya tatu ya Januari wakakutana Hopkins kwa chakula cha mchana baada ya ibada. Mumbi naye alikuja. Yeye ni wa kanisa la Jumapili, lakini chapati za Keziah zilimfanya aiheshimu Jumamosi. Walikula wakashiba. Fiona akafungua laptopu.

"Funga hiyo," Keziah alisema.

"Mama, ni kutazama tu."

"Utatazama, utachagua, utalipia. Hiyo ni biashara, na Sabato bado haijaisha. Angalia jua."

Wakaliangalia jua dirishani, limekaa chini juu ya paa zenye theluji kama mtu asiyetaka kuaga. Duncan akasinzia kwenye kochi. Mumbi akaosha vyombo akiimba. Fiona alikaa na laptopu iliyofungwa mapajani hadi taa za barabarani zikawaka, na Keziah akaongoza sala ya kufunga Sabato, sala ambayo siku hiyo ilikuwa ndefu kidogo kuliko kawaida.

"Amina," Fiona akasema, na kabla wengine hawajafumbua macho picha zilikuwa tayari kwenye televisheni.

Akaeleza kama mwalimu. Mvua hunyesha Novemba hadi Machi. Kuanzia Mei nchi inakauka. Juni na Julai ni majira ya baridi kule, asubuhi gari likiwa wazi unajifunika blanketi.

"Baridi?" Mumbi akadakia. "Mtu atoke Minnesota, avuke bahari, akatafute baridi? Mama Fiona, mtoto wako anaumwa?"

"Ndiyo maana nasema Agosti, Auntie. Au Septemba. Hapo nyasi zimekwisha, miti imepukutika, unaona mbali. Maji yamebaki kwenye mabwawa machache tu, kwa hiyo wanyama wote wanakuja hapo. Hamna kuwatafuta. Unakaa, wanakuja."

Akaweka picha. Lilikuwa bwawa dogo lenye maji ya rangi ya chai. Kulizunguka, ndovu wengi hata hawahesabiki, bega kwa bega, wakubwa na watoto, na vumbi likiwa juu yao kama moshi wa jiko. Mbavu za nyati zilionekana. Nyuma yao miti ilikuwa mitupu, na ardhi nyeupe.

"Wow," Duncan akasema. "Mama, kubali tu. Nitanunua mboga dukani nizipande upya, hutajua."

Mumbi akacheka. Keziah hakucheka. Alikuwa amesogea mbele ya kiti, miwani mkononi.

"Hawa wana kiu," akasema.

"Ndiyo, Mama. Kiu ndiyo inayowaleta."

"Nyasi ziko wapi?"

"Hazipo. Huo ndio uzuri wake."

"Na tope?"

"Hamna tope. Gari linapita kila mahali."

Keziah akavaa miwani, akaitazama tena ile picha polepole, kutoka kona hadi kona, kama anayemtafuta mtu kwenye picha ya arusi.

"Fiona," akasema, "baba yako hakwenda hapa."

"Ni Hwange, Mama. Ni hapohapo."

"Jina ni hilohilo. Lakini lori la baba yako lilikwama kwenye tope. Nyasi ziliwafika mapajani. Nyayo zilijaa maji. Maji hayo yangetoka wapi Agosti? Niende nikatazame vumbi, nirudi niseme nimeiona nchi ya Zadock?"

Watoto walikuwa wamesikia habari za lori tangu utotoni, lakini hakuna aliyewahi kuziweka kwenye kalenda. Fiona ndiye aliyenong'ona: "Pasaka."

"Pasaka," mama yake akasema.

Fiona hakushindwa upesi, maana hiyo si tabia yake. Alieleza kwamba mwisho wa Machi nyasi ni ndefu na simba anaweza kuwa karibu na gari msimwone. Wanyama wametawanyika kwa sababu maji yako kila mahali. Barabara nyingine hazipitiki. "Tutakwenda mbali hivyo, Mama, na huenda usione kitu."

"Nitawaona wachache. Na hao wachache watakuwa wameshiba." Keziah akaegemea kiti, uso wake umetulia kwa mara ya kwanza tangu habari hizi zianze. "Tangu baba yako alale, mwaka mzima nimekuwa nikitazamwa nikiwa na kiu, mwanangu. Sina hamu ya kwenda kuwatazama wengine."

Fiona akaifunga ile picha. Mumbi, aliyekuwa na machozi na hakutaka yaonekane, alisema kwa sauti kubwa, "Na mwezi wa tatu hata shamba bado lina theluji! Duncan ameponea!"

Wakaenda mwisho wa Machi, mama na binti. Duncan alibaki kwa sababu ya kazi, na pia, alisema, ili akae mbali na shamba kwa hiari yake. Maporomoko ya Victoria yalikuwa yamejaa mno hata hawakuyaona. Waliona ukungu mweupe tu na kusikia ngurumo, wakarudi hotelini wameloa kama nguo zilizotoka kufuliwa, Keziah akicheka njia nzima. Hwange waliona pundamilia walionenepa hadi wanang'aa, swala na watoto wao wenye miguu myembamba, ndege wa kila rangi. Simba hawakumwona. Ndovu waliona migongo yao ikipita juu ya nyasi, mbali, kama mawe yanayotembea. Keziah aliinuka garini akawapungia mkono.

Siku ya pili kiongozi wao, kijana mpole, aliona aibu. "Mama, mngekuja mwezi wa nane ningewaonyesha ndovu mia kwenye bwawa moja."

"Mwanangu, usijali. Kuna mahali penye tope?"

Kijana akamwangalia Fiona. Fiona akainua mabega.

Tope lilikuwepo. Aliwapeleka kwenye bonde lenye udongo mweusi, akashuka na bunduki yake akatazama huku na huku, ndipo akawaruhusu washuke. Keziah alitembea polepole kwa ajili ya magoti, akiinua gauni. Nyasi zikamlowesha. Kundi lilikuwa limepita hapo siku kadhaa nyuma, na nyayo zilikuwa zimekaa mstari mmoja, pana, za mviringo, kila moja imejaa maji na kipande cha mbingu ndani yake.

Akainama juu ya unyayo wa kwanza. Maji tu. Wa pili, maji na jani. Kwenye wa tatu alisimama muda mrefu hata Fiona akaogopa akamsogelea.

Walikuwa humo. Weusi, wadogo kama mbegu za papai, wenye mikia, wakienda huku na huku kwa haraka kana kwamba wana kazi nyingi.

Keziah alianza kucheka. Alicheka hadi akamshika Fiona bega asianguke, na machozi yakamtoka, na Fiona naye akalia na kucheka bila kujua kipi ni kipi. Kijana wa bunduki akageuka akatazama miti kwa adabu.

"Ah, Baba Fiona!" Keziah alisema alipopata pumzi. "Kumbe!"

"Mwambie, Mama," Fiona akasema. "Tukipita Nyamira, mwambie kaburini."

Keziah akatikisa kichwa, akajifuta uso kwa upindo wa leso. "Baba yako amelala, hasikii neno. Asubuhi ile ya ufufuo atakapoamshwa, nikishamsalimu, hilo ndilo nitakalomwambia la kwanza." Akainama tena akawatazama. "Naweza kungoja."

Nyamira walipita. Keziah alipalilia kaburi, akapanda maua, akasali, na hakusema chochote kuhusu viluwiluwi. Mwezi wa Mei alikuwa Eagan amepiga magoti kwenye shamba lake, akipandikiza miche ya managu aliyoiotesha dirishani, na Sabato iliyofuata kanisani watu wakamzunguka kwenye meza ya chakula wakitaka habari. Mumbi naye alikuwepo, sahani mkononi.

"Simba?"

"Sikumwona."

"Ndovu je?"

"Migongo."

"Maporomoko?"

"Ukungu."

"Sasa, Mama Fiona," Mumbi akasema, "umevuka dunia nzima ukaona nini?"

"Viluwiluwi," akasema Keziah, akijiongezea mboga. "Na walikuwa wengi."