Binti wa Maabara na Maua ya Marehemu

Binti wa maabara huja kila Jumatatu kupima maua aliyoyapanda uani marehemu mke wangu. Kucha zake ni fupi, na hata akiongea na mimi macho yake yako kwenye maua. Hulishika ua kwa vidole viwili, hulipigia hodi kama yuko mlangoni kwa watu, ndipo huingiza kijiti chenye pamba ndani kabisa. Anasema humo wanaishi vijidudu wasioonekana, wengi kuliko watu wa mji huu. Mimi nikasikia vijidudu tu. Mke wangu alikuwa msafi, sikutaka asemwe kaburini. Jumatatu hii nikaamka mapema, nikayaosha maua yote kwa sabuni, moja moja.

Alipofika akanusa la kwanza, kijiti kikabaki hewani.

"Babu, umeyaogesha?"

"Si nilijua unakuja, mwanangu."

Alicheka, halafu kicheko kikamwisha. "Hao vijidudu nawafuatilia tangu bibi yuko hai. Yeye ndiye aliyekuwa ananishikia maua."

Nikatazama miguu yangu. Akafungua daftari, akaguna, akanitupia jicho. "Niandike ni mvua iliyowaosha?"

Jua lilikuwa kali, na ardhi imepasuka.

"Andika ni mimi," nikasema.