Muhuri wa Mkaguzi

Zamani boliti ilisikilizwa kwanza ndipo ikapigwa muhuri. Siku hizi muhuri unatangulia. Katika kiwanda cha Guangzhou, Uchina, kinachotengeneza boliti za ndege za kivita na zile za malori ninazonunua mimi, mkaguzi mmoja mzee bado aliigonga mezani kila boliti ya ndege, sikio kaliinamisha, vidole vyeusi kwa mafuta. "Mzee, unazitongoza au unazikagua?" alifoka laobani, mwenye kiwanda. "Lori linangoja, piga muhuri!" Mzee akajibu, "Na rubani ana watoto wanaomngoja." Akagonga nyingine. Ikalia kama chungu chenye ufa. Akaimwaga trei nzima sakafuni, nami nikapiga makofi! Laobani akaamuru muhuri apewe mtu mwingine. Mara ya mwisho nilimwona mzee yule akipanda basi, muhuri kaufumbata, laobani akikimbia nyuma yake.